Kerr haiuawi, inaongozwa

Jana, baada ya semina pale Mlimani, kijana kaniuliza tena: "Dokta, kwa nini msiiondoe nonlinea yote, mbaki na kaviti safi?" Kaviti ni kisanduku cha metali kinachohifadhi mikrowevu; nonlinea ni ile tabia ya masafa yake kubadilika kadiri nishati ndani yake inavyoongezeka, na sisi tunaiita Kerr. Nimelijibu swali hili mpaka sauti imekauka. Leo naliandika.

Kaviti ya alumini iliyopozwa hadi karibu milikelvini 20 ni linea. Ngazi zake za nishati zimeachana kwa nafasi sawa, kwa hiyo ukiipigia mikrowevu zinazolingana nayo, zote zinaitika kwa pamoja. Utaambulia hali koherenti tu, yaani wimbi la kawaida lisilo na idadi kamili ya fotoni (chembe za mikrowevu hizo). Kuiagiza ishike fotoni 1 kamili, hutaweza. Usafi huo anaoutaka kijana ndio unaoifanya isitawalike, na ndiyo sababu tunaifunga na transmoni, sakiti ndogo ya kipitishi-kamili ambayo ngazi zake haziachani kwa nafasi sawa.

Angalia mtoto kwenye bembea. Akipaa kidogo, mdundo haubadiliki. Akipaa juu sana, bembea inachelewa kurudi, na anayesukuma kwa mdundo ule wa mwanzo anaishia kumzuia. Kiungo cha Josephson, ambacho ndicho moyo wa transmoni, kina mlinganyo huohuo wa bembea, nishati yake ikifuata kosaini, na kaviti iliyofungwa nacho inaambukizwa: kila fotoni inayoingia inashusha masafa kidogo. Hiyo ndiyo Kerr.

Sasa hapa ndipo watu wanaponichosha. Kerr ya kaviti ni karibu χ²/(4α): α ni tofauti ya nafasi kati ya ngazi za transmoni, χ ni kiasi ambacho fotoni 1 ya kaviti inahamisha masafa ya transmoni. Chukua α ya megahezi 200 na χ ya megahezi 1: unapata kilohezi 1.25. Ndogo, lakini kwa fotoni 10 masafa yameshavutwa kama kilohezi 12.5, na katika mikrosekunde 20 awamu imezunguka robo nzima ya duara. Tazama kile kipeo cha pili: punguza χ nusu, Kerr inashuka hadi robo. Kwa hiyo unaweza kulegeza muungano, kisha ukafidia kasi ya kuitawala iliyopotea kwa kuisukuma kaviti hadi fotoni nyingi. Huko ndiko kuongoza. Na Kerr yenyewe ni chombo: mwaka 2013, watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, waliiacha ifanye kazi, hali koherenti ikasambaratika, ikapita kwenye hali za paka (mawimbi tofauti yakiwepo kwa wakati mmoja, kama paka wa Schrödinger), kisha ikajikusanya upya.

Kijana atasema: "Basi tuweke SNAIL, tuipeleke Kerr sifuri." SNAIL ni kitanzi cha viungo vya Josephson kinachorekebishwa kwa uga wa sumaku. Sawa, uga huo ukiwekwa mahali pake Kerr inafutika. Lakini umefuta neno moja la mlinganyo. Ya juu yake bado yapo, na umezifungulia mlango kelele za sumaku.

Vitabu vinaikata ile kosaini ya kiungo kwenye kipeo cha nne na kusonga mbele. Mimi pia hukata hapo, kwa sababu hesabu inamalizika. Msukumo ukiwa mdogo naiamini. Ukiwa mkubwa, transmoni inaweza kurushwa hadi ngazi ambazo mlinganyo wangu haujui kama zipo, na sijawahi kuridhika na mpaka wowote niliouchora kati ya "mdogo" na "mkubwa". Kijana nimempa kosaini nzima akapige hesabu kwa fotoni 10, halafu 50, tuone majibu yetu yanaachana wapi.