Kuopoa gari lililozama chini ya barafu ya ziwa

Kuopoa gari lililozama chini ya barafu ni kazi ya kulitoa majini gari lililotumbukia ziwani baada ya barafu kuvunjika chini ya magurudumu yake, kulipandisha tena juu ya barafu hiyohiyo, kisha kulifikisha nchi kavu bila mtu kuumia na bila mafuta kubaki ziwani. Ni kazi inayofahamika sana katika nchi ambazo maziwa huganda kila mwaka: Kanada, Ufini, Urusi, na majimbo ya kaskazini ya Marekani kama Minnesota na Wisconsin.

Kwa asiyewahi kuishi kwenye baridi ya namna hiyo, swali la kwanza ni gari linatafuta nini ziwani. Jibu ni kwamba kwa miezi kadhaa ziwa linakuwa barabara na uwanja. Watu hupeleka pikapu mbali na ufuo, wakatoboa barafu na kuvua samaki kupitia tundu. Wengine hukaa siku nzima ndani ya vibanda vya uvuvi walivyovivuta kwa gari. Kwenye Ziwa Superior, kati ya mji wa Bayfield na Kisiwa cha Madeline huko Wisconsin, majira yakiwa na baridi ya kutosha magari hupita juu ya barafu, na njia yenyewe huwekewa alama kwa miti ya Krismasi iliyokwisha kutumika.

Anayetazama kutoka ufukweni anaweza kudhani hii ni kazi ya kawaida ya kuvuta gari lililoharibika, ila tu safari hii liko majini. Sivyo. Barafu imeshashindwa kulibeba gari likiwa kavu. Sasa inatakiwa kulibeba likiwa limejaa maji, pamoja na winchi (mashine ya kuvuta mizigo kwa kukunja kamba), magogo, minyororo na watu wa kuivuta. Karibu kila uamuzi unaofanywa kwenye kazi hii unarudi kwenye uzito: uko wapi, umeegemea nini, na utabadilika lini.

Tuanze na barafu yenyewe. Idara ya Maliasili ya Minnesota hushauri angalau sentimita 10 za barafu mpya iliyo angavu kwa mtu anayetembea kwa miguu, sentimita 23 hadi 25 kwa gari dogo, na kama sentimita 33 kwa pikapu ya wastani. Barafu nyeupe, ile iliyochanganyika na theluji, ni dhaifu zaidi, na ushauri ni kuidai unene mara mbili. Wahandisi wa barabara za barafu hutumia kanuni iliyoenea kutokana na kazi ya Mkanada Lorne Gold mwaka 1971: chukua unene kwa sentimita, uuzidishe kwa wenyewe, kisha uzidishe kwa 3.5, na utapata makadirio ya tahadhari ya kilo ambazo barafu nzuri itabeba. Sentimita 20 zinakupa kilo 1,400. Sentimita 40 zinakupa kilo 5,600. Unene umeongezeka mara mbili, nguvu imeongezeka mara nne. Ndiyo maana wiki mbili za baridi kali zinaweza kuigeuza kazi isiyowezekana kuwa kazi ya kawaida.

Lakini kanuni hiyo inahusu mzigo unaopita, si unaokaa. Barafu huinama taratibu chini ya kitu kilichosimama, na kadiri saa zinavyokwenda ndivyo inavyozidi kuinama. Mwezi wa Februari 2016, kwenye Ziwa Geneva huko Wisconsin, magari yapatayo 15 yaliyokuwa yameegeshwa juu ya barafu wakati wa tamasha la majira ya baridi yalititia na kuzama, mengine nusu, mengine zaidi. Hakuna aliyeumia. Hata gari linalotembea lina hatari yake: linasukuma wimbi la maji chini ya barafu, na likienda kwa mwendo unaolingana na wimbi hilo, barafu hupinda kuliko uzito wa gari unavyostahili. Estonia, kwenye barabara zake rasmi za barafu zinazounganisha visiwa na bara, huwaambia madereva waende chini ya kilomita 25 kwa saa, au kati ya 40 na 70, wala si katikati. Mikanda nayo hairuhusiwi kufungwa, ili mtu aweze kutoka haraka.

Gari likishatumbukia, kwa kawaida huelea muda mfupi, mara nyingi dakika moja au mbili tu. Watu ndio wa kwanza: fungua mkanda, shusha kioo, toka, watoto wakitangulia. Huo ndio utaratibu aliofundisha Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, mwanasayansi aliyechunguza jinsi magari yenye watu ndani yanavyozama. Gari halina haraka. Mtu anayo, na hakuna mali ndani ya gari inayostahili kurudiwa.

Kwa kuwa injini iko mbele, gari huinamisha pua na kushuka mshazari. Hapo ndipo linaweza kuteleza chini ya barafu na kutua mita kadhaa mbali na tundu lililolimeza. Mengine hupinduka na kulala kwa paa. Kwa hiyo tundu la ajali na mahali gari lilipo si lazima viwe pamoja, na anayeanza kukata barafu kabla hajajua jambo hilo anapoteza siku.

Kisha hufuata kusubiri, na hii ndiyo sehemu inayowakera wenye magari kuliko zote. Barafu kuzunguka tundu imepasuka, na maji yamemwagika juu yake. Kuleta mashine nzito hapo siku hiyohiyo ni kutafuta gari la pili la kuopoa. Kwa bahati nzuri, gari lililo chini haliozi kwa wiki mbili. Maji mazito kuliko yote ni yale ya nyuzi 4 za Selsiasi, hivyo ndiyo yanayotuama chini ya ziwa lenye kina, na gari hukaa ndani ya maji ambayo hayagandi. Sheria nayo inaacha nafasi, ingawa si kubwa: Minnesota na Wisconsin humpa mwenye gari siku 30 za kuliondoa. Gari likivuja mafuta, subira hiyo inapungua sana. Petroli, dizeli, oili ya injini na asidi ya betri ni sumu kwa samaki na kwa watu wanaokunywa maji ya ziwa hilo, na usafi ukifanywa na serikali, gharama zake humrudia mwenye gari.

Wakati wa kazi ukifika, anatangulia mpiga mbizi. Huvaa suti kavu isiyopitisha maji, na hufungwa kamba ambayo mwenzake aliye juu haiachii hata dakika moja. Wanazungumza kwa kuivuta kamba kwa idadi walizokubaliana. Mpiga mbizi wa pili huketi pembeni akiwa amevaa tayari, kwa sababu chini ya barafu huwezi kupanda juu popote unapotaka. Mlango ni mmoja, na asiyeuona amekwisha. Vifaa vya kupumulia navyo huteuliwa kwa uangalifu, maana hewa inayopanuka hupoa sana, na kwenye maji ya baridi valvu inaweza kuganda ikiwa wazi na kumwaga hewa yote ya mtungi.

Anachokifanya huko chini ni kama cha fundi. Anaangalia gari limelala vipi. Anafungua au kuvunja vioo ili maji yapate pa kutokea. Anaiweka gia huru (nyutro) na kuhakikisha breki ya mkono haijakaza, la sivyo gari litaburutwa kama gogo. Anafunga mikanda au minyororo kwenye fremu na ekseli, kamwe si kwenye bampa, kisha anaweka alama ya mahali pa kukata.

Tundu hukatwa kwa msumeno wa mnyororo, kubwa kuliko gari lenyewe. Hapa watu wengi hudharau barafu. Kipande cha mita moja kwa mita moja, chenye unene wa sentimita 40, kina uzito wa kilo 367 hivi. Hakuinui mtu. Ama huvutwa nje kwa winchi, ama husukumwa kwa mipini mirefu kikaingia chini ya barafu iliyobaki. Kukitupa ukingoni mwa tundu ni kosa, kwa kuwa unauongezea mzigo ukingo ambao ndio dhaifu kuliko mahali pengine pote.

Juu ya tundu husimamishwa fremu ya miguu mitatu au minne, na miguu yake hukalia magogo au mbao ndefu zinazosambaza uzito. Winchi huwekwa mbali, na kamba yake hupitishwa kwenye makapi, yaani magurudumu yenye mfereji wa kamba, ili nguvu ndogo ivute mzigo mkubwa taratibu. Timu nyingine hutumia maputo ya kunyanyulia: mpiga mbizi huyafunga kwenye gari yakiwa matupu, kisha huyajaza hewa. Kila mita moja ya ujazo wa hewa chini ya maji hunyanyua karibu kilo 1,000. Uzuri wake ni kwamba, mradi gari liko majini, mzigo huo unabebwa na maji na si na barafu.

Tatizo liko kwenye usawa wa maji. Ndoo ya kisimani huonekana nyepesi ikiwa bado imezama, ikaanza kukata mikono pale mdomo wake unapotoka majini. Gari ni hivyohivyo. Tani moja ya chuma chini ya maji hupungua uzito kwa kilo 127 tu hivi, lakini maji yaliyo ndani ya gari hayana uzito wowote kwa anayevuta, maadamu yamezungukwa na maji mwenzake. Paa likitoka nje, hesabu inageuka. Gari la kilo 1,500 lenye mita mbili za ujazo wa maji ndani yake ghafla lina kilo 3,500, na zote zimening'inia kwenye fremu iliyokalia barafu. Wanaoijua kazi hii huwa na subira kuliko wote dakika hiyo. Wanalivuta hadi vioo vichungulie, wanasimama, wanaacha maji yatiririke. Wanavuta kiganja kimoja, wanasimama tena. Naiona hiyo kuwa ndiyo kazi yenyewe. Mengine yote ni maandalizi yake. Anayeona gari limeshaonekana akaamua kumaliza kwa mvuto mmoja ndiye anayevunja ukingo.

Wakati huo mtu mmoja huwa na jukumu la kuangalia tundu dogo lililotobolewa kando ya fremu. Barafu huelea, na karibu asilimia 8 ya unene wake hubaki juu ya maji. Kwenye barafu ya sentimita 40, maji ndani ya tundu hilo yanasimama sentimita 3 hivi chini ya uso. Mzigo ukiongezeka, barafu inatitia na maji yanapanda. Yakifika ukingoni na kuanza kumwagika juu, barafu imeinama kupita kiasi, na maji yanayotapakaa juu yake yanaizidishia mzigo. Hapo winchi hulegezwa, gari hurudishwa majini, watu huondoka mmoja mmoja bila kukusanyika. Kipimo hicho kinagharimu dakika mbili za kutoboa, na sijui kifaa kingine cha bei hiyo kinachosema ukweli kama huo.

Likishatoka, gari haliketi ukingoni. Huvutwa kwenye mbao zilizolazwa kama njia, moja kwa moja mpaka kwenye barafu nene, kisha ufukweni. Huko nje hewa inaweza kuwa nyuzi 20 chini ya sifuri, kwa hiyo maji yaliyobaki huganda kwenye breki, kufuli na bawaba mara moja, na magurudumu hugoma kuzunguka. Tundu lililoachwa nyuma huzungushiwa miti au vigingi vyenye vitambaa vya kung'aa. Litaziba kwa barafu mpya ndani ya usiku mmoja au miwili na kufunikwa na theluji, likafanana na pengine pote huku likiwa na unene wa sentimita chache.

Kuhusu gari lenyewe, jambo la kwanza ni kutolijaribu kuliwasha. Maji hayabanwi kama hewa. Yakiwa ndani ya silinda na pistoni ikapanda, fimbo ya pistoni ndiyo inayopinda. Mafundi huondoa plagi, hukausha silinda, hubadilisha oili zote, na baada ya hapo hugeukia nyaya na vidhibiti vya kielektroniki, ambavyo kwenye magari ya siku hizi mara nyingi vinagharimu kuliko gari linavyostahili. Nchini Marekani, mwenye bima kubwa kwa kawaida ana nafasi ya kulipwa. Mwenye ile ya kufidia wengine tu hulipa kila kitu mwenyewe, kuanzia mpiga mbizi hadi gari jipya, na bili ya kuopoa peke yake inaweza kufika maelfu ya dola.