Marumaru haiogopi ndimu? Dhana potofu kuhusu vifaa vya ndani katika maghorofa ya kifahari

Wateja wangu wenye makazi kwenye maghorofa ya Masaki, Oysterbay na Upanga hutofautiana karibu katika kila jambo, isipokuwa imani moja: kwamba marumaru nyeupe ya Italia, ikishapakwa dawa ya kuzibia vinyweleo, haiwezi kuharibiwa na chochote kinachoandaliwa jikoni. Nimeisikia tena wiki hii kutoka kwa mtu aliyekwisha kulipia mabamba yake, na uvumilivu umenipungua.

Marumaru ninayoizungumzia ni jiwe lenyewe, si vigae vya kiwandani vinavyouzwa Kariakoo kwa jina hilohilo. Jiwe hilo kwa sehemu kubwa ni kalisi kaboneti, yaani madini yaleyale yaliyomo katika mawe ya matumbawe yaliyojengea nyumba za kale za pwani yetu. Kalisi kaboneti huyeyushwa na asidi, na mapishi ya Dar es Salaam yamejaa asidi: ndimu ya kuoshea samaki, siki ya kachumbari, ukwaju, embe mbichi, nyanya. Tone la ndimu likiachwa kwa dakika chache juu ya marumaru iliyong'arishwa huacha baka lililofifia, na baka hilo si doa linaloweza kusuguliwa kwa sabuni, kwa sababu hakuna kilichoingia ndani ya jiwe. Ni jiwe lenyewe lililoliwa juu juu na kupoteza mng'aro. Tiba yake ni kulisaga na kuling'arisha upya.

Dawa ya kuzibia ina kazi yake, nayo ni kuchelewesha mafuta na manjano yasipenye kwenye vinyweleo. Haiugeuzi uso wa jiwe kuwa kitu kingine. Kwa hiyo muuzaji anayejibu hofu ya ndimu kwa kusema kwamba bamba limekwisha kupakwa dawa anajibu swali ambalo hakuulizwa, na wengi wao wanalijua hilo. Nyumba ya mfano wanayowaonyesha wateja hung'aa mwaka mzima kwa sababu hakuna anayepika ndani yake.

Bei nayo haisaidii. Marumaru ya Italia ya Carrara, hata ya gharama kubwa kabisa, ina ugumu wa takriban 3 katika kipimo cha Mohs, kinachopanga ugumu wa madini kuanzia 1 hadi 10, ilhali chembe za kwatzi zilizomo katika mchanga zina 7. Ndiyo maana kandambili zinazorudi kutoka Coco Beach huikwaruza sakafu ya marumaru kuanzia mlangoni. Mimi huiweka marumaru kwenye ukuta wa sebule au katika choo cha wageni, na mteja asiyekubali kuikosa jikoni humshauri achukue isiyong'arishwa, ambayo mabaka yake hayaonekani sana. Wengine wote huwaelekeza kwenye graniti au bamba la poslini. Mabamba ya kwatzi yanayotengenezwa kiwandani hayaogopi ndimu, lakini chembe zake zimeshikamanishwa kwa gundi ya plastiki inayoweza kuharibika kwenye joto la kama nyuzi 150, hivyo sufuria iliyotoka motoni isiwekwe juu yake bila kitu cha kuikinga.

Kabla ya kulipa, ombeni kipande kilichobaki baada ya kukata bamba, mkiwekee kipande cha ndimu usiku kucha, kisha mkitazame asubuhi kwa kukiinamisha kwenye mwanga. Jaribio hili pia huwaumbua wauzaji wa marumaru iliyobandikwa jina la jiwe gumu zaidi.

Dhana nyingine hazihitaji maelezo marefu. Wapo wanaoamini kwamba ghorofa ya ishirini iko juu mno kufikiwa na chumvi ya bahari, wakati huko juu hakuna mti wala jengo la kuukinga upepo. Vyuma vya pua vya daraja la 304 kwenye roshani hupata kutu ya rangi ya chai; agizeni 316, yenye asilimia 2 hadi 3 ya molibdeni, metali inayosaidia kuzuia kutu, na bado muioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, hasa pale ambapo mvua haifiki.

Ubao wa kijani wa MDF, yaani wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa kwa gundi, huvumilia unyevu wa hewa, si maji. Chini ya sinki huvimba kama mwingine wowote, kwa hiyo hapo mimi hukubali plaiwudi ya marini tu, ile ambayo gundi yake haiachii kwa maji.

Kiyoyozi kikubwa kupita kiasi hakikaushi chumba vizuri zaidi. Hukipoza haraka na kuzima kabla hakijanyonya unyevu wa kutosha, na masika yakifika nguo kabatini zinaota ukungu. Pimisheni ukubwa unaofaa, na milango ya kabati iwe na matundu ya hewa.

Mwisho ni wale wanaosema kwamba aliyenunua nyumba anaweza kuvunja ukuta wowote. Chini ya Sheria Namba 16 ya mwaka 2008 inayohusu umiliki wa sehemu za jengo, mnunuzi anamiliki sehemu yake pamoja na hisa katika maeneo ya pamoja, na kuta zinazobeba jengo si za kuamuliwa na mtu mmoja. Hata uzito wa sakafu mpya si siri ya mwenye nyumba: jiwe la sentimita 2 lina takriban kilo 54 kwa mita ya mraba, na tabaka la saruji la sentimita 5 chini yake huongeza kama kilo 100. Mhandisi aione michoro ya jengo kabla fundi hajashusha bamba la kwanza.