Kujifunza kutoa mtoto wa jicho kwa kuanzia mwisho

Mkono uliozoea hutoa mtoto wa jicho na kuweka lenzi bandia kwa chini ya dakika 15. Anayetazama kwenye skrini ya chumba cha upasuaji huona kazi nyepesi: kisu kinaingia pembeni, kiini cha kahawia cha lenzi iliyoharibika kinateleza nje kama mbegu ya ubuyu iliyokwisha kumumunywa, lenzi inaingia, jicho linafungwa. Asichokiona ni kwamba kila hatua imebebwa na ile iliyoitangulia. Njia, yaani handaki dogo la kutolea kiini, ikichongwa vibaya, kiini kitakwama. Kiini kikikwama, konea, kile kioo angavu cha mbele ya jicho, itakwaruzwa kwa ndani. Konea ikishavimba, mpasuaji haoni tena anachofanya. Kwa hiyo kumfundisha daktari mwanafunzi ni suala la mpangilio: ashike hatua ipi kwanza, na lini aongezewe nyingine.

Huku Kanda ya Kati ya Tanzania tunaanza na upasuaji wa mkono wa tundu dogo, usiohitaji mashine na mara nyingi usiohitaji hata uzi. Njia ya mashine ya mawimbi ya sauti, fako, aliyoibuni Charles Kelman huko Marekani mwaka 1967, hupita kwenye mkato wa milimita 2.2 hadi 2.8 na jicho hutulia haraka zaidi. Lakini wagonjwa wetu wengi hufika mtoto wa jicho akiwa ameshaiva, ama mweupe kama maziwa, ama kahawia na mgumu kama kokoto. Mzee wa Mpwapwa au Manyoni hulivumilia jicho la kwanza. Huja pale la pili linapomzuia kwenda shambani, tena huja baada ya mavuno, si wakati wa palizi. Kiini kigumu namna hiyo hudai nguvu nyingi ya mashine, na nguvu hiyo mikononi mwa mgeni huunguza kingo za mkato na kuua seli za ndani ya konea, ambazo zikifa hazirudi. Njia ya mkono hukitoa kiini kikiwa kizima. Fako naipenda, ila naihesabu kuwa darasa la pili.

Zabibu, mbuzi na jicho la plastiki

Kabla ya jicho lolote kuna hadubini. Mwanafunzi aweke umbali wa mboni zake mwenyewe, arekebishe kila upande kulingana na macho yake, kisha auzoeze mguu kanyagio mpaka aweze kurekebisha mwono bila kulitafuta. Zoezi zuri la bei rahisi ni kushona kipande cha glavu kwa uzi wa nailoni 10/0 chini ya hadubini, saa nzima, siku kadhaa. Viganja vikae juu ya kitu. Mkono unaoelea hutetemeka hata kama mwenyewe hakunywa kahawa.

Dodoma hatukosi zabibu, na ganda la zabibu linafaa sana kujifunzia kuchana duara, yaani kufungua tundu la mviringo kwenye ganda la mbele la lenzi. Kumbuka tu kwamba linafundisha mwelekeo wa kuvuta, halifundishi uzito wa mkono. Ganda la mbele la lenzi ya mtu halifiki unene wa milimita 0.03, ukilivuta kama la zabibu limekwenda.

Macho ya mbuzi yachukuliwe machinjioni asubuhi na yatumike siku hiyohiyo. Yakae kwenye barafu lakini yasigande, kwa sababu konea ikiganda hupoteza uangavu na hapo hakuna kinachoonekana. Jicho la mnyama aliyekufa hulegea, hivyo pitisha sindano kwenye shina la mshipa wa fahamu wa jicho, ingiza maji hadi likaze. Kwa kuchonga njia kwenye weupe wa jicho, mbuzi ni mwalimu mzuri. Kwa kazi ya lenzi si mzuri hivyo: mboni yake imelala kama mstari, ganda la lenzi ni nene na lina mvuto, na kiini ni laini mno. Wapo wanaodunga formalini kidogo ndani ya lenzi ili igumu, wafungue madirisha. Vifaa vya zoezi hili viwe na sanduku lake na alama yake, visirudi kamwe chumba cha upasuaji.

Lipo pia jicho la plastiki lililotengenezwa kwa ajili ya njia hii ya mkono. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 uliwagawa madaktari wanafunzi 50 kutoka Kenya, Tanzania, Uganda na Zimbabwe: nusu walipewa mafunzo makali ya siku 5 ya kuigiza upasuaji, nusu wakaendelea na utaratibu wa kawaida kwanza. Katika mwaka uliofuata, ganda la nyuma la lenzi lilipasuka kwenye asilimia 7.8 ya upasuaji uliofanywa na kundi la kwanza, na asilimia 26.6 kwa kundi la pili. Kwangu mimi, tarakimu hizo zimemaliza ubishi kuhusu kuanzia moja kwa moja kwa mgonjwa.

Kwa nini tuanze mwisho

Mwanafunzi akifika kwa mgonjwa, simpi jicho zima. Nampa hatua ya mwisho: kuhakikisha njia haivuji, kudunga sefuroksimu, dawa ya kuua bakteria, miligramu 1 ndani ya mililita 0.1 kwenye chemba ya mbele, ile nafasi iliyo nyuma ya konea, kufunika kidonda. Akiweza, anarudi nyuma hatua moja: kusafisha jeli inayojazwa jichoni kushikilia nafasi wakati wa kazi. Kisha kuweka lenzi bandia ndani ya mfuko wake. Kisha kufyonza masalia laini kwa kanula ya Simcoe, mrija mwembamba unaoingiza maji na kufyonza. Ndipo aje kuchonga njia, halafu kufungua ganda, na mwisho kabisa kutoa kiini. Kwa mpangilio huu jicho analopokea limeshavuka hatari kubwa, na akikwama mwalimu anamaliza kwa dakika mbili. Kanuni yangu ni mara tano mfululizo bila mwalimu kugusa kifaa, ndipo aongezewe hatua. Anayehesabu idadi ya macho tu anajidanganya. Macho thelathini yenye njia mbovu ni njia mbovu thelathini.

Njia ndiyo inayostahili muda mrefu kuliko zote. Mkato wa nje uwe wa milimita 6 hadi 7, zaidi kidogo kama kiini ni cha kahawia iliyokolea, ukiwa milimita 1.5 hadi 2 nyuma ya mpaka wa konea. Umbo lake ni la mdomo wa mtu aliyenuna, kati juu na ncha chini, kwa kuwa umbo hilo hupunguza jicho kujikunja baada ya kupona. Kina ni karibu nusu ya unene, takriban milimita 0.3. Hapo kisu chenye umbo la mwezi mwandamo kinaingia na kupasua kwa kutelezesha kulia na kushoto, si kwa kusukuma, hadi milimita 1 au 1.5 ndani ya konea angavu. Upande wa ndani lazima uwe mpana kuliko wa nje, kama faneli iliyogeuzwa.

Kipimo cha kina ni kukitazama kisu chenyewe kupitia tishu. Kikionekana waziwazi kama kipo chini ya karatasi nyembamba, uko juu mno na paa litatoboka. Kikipotea kabisa, uko chini mno na utaingia kwenye jicho kabla ya wakati, iris, lile pazia la rangi linalozunguka mboni, ikufuate nje. Paa likitoboka, acha hapo, ongeza kina cha mkato wa nje, anza upya kutoka ncha ya upande mwingine. Ukiingia mapema, shona kwa 10/0 na uchonge mahali pengine. Kulazimisha kuendelea ni kuchana iris. Kosa la tatu hutokea pale weupe unapokutana na konea: mzingo hubadilika, na asiyeinua ncha ya kisu kuufuata huenda moja kwa moja na kutumbukia.

Ila kosa linaloongoza kwa wanaoanza ni la woga: njia ya ndani kuwa nyembamba. Haionekani wakati inatendeka. Inaonekana dakika kumi baadaye, kiini kinapogoma kutoka.

Kufungua ganda kwenye mtoto wa jicho mweupe kunahitaji rangi ya tripani bluu ya asilimia 0.06, inayowekwa chini ya kiputo cha hewa kisha kuoshwa. Lenzi iliyovimba ina shinikizo ndani yake. Ukiichoma bila kujiandaa, ganda hupasuka pande mbili kwa mpigo na katikati hubaki mstari mweupe kati ya bluu mbili. Wapasuaji huiita bendera ya Argentina. Kinga yake ni kuijaza chemba jeli mpaka ibane, kutoboa kwa sindano nyembamba na kufyonza yale maziwa kwanza. Kwa kiini kikubwa duara liwe milimita 6 hadi 7. Likishindikana, mikato midogomidogo kuzunguka, kama afunguavyo mtu kopo kwa kisu, si aibu.

Kutoa kiini chenyewe kunategemea kulegeza. Maji chini ya ganda, kiini kizunguke, ukingo mmoja uibuke, jeli juu na chini yake. Kisha kijiko kinachotiririsha maji, au sindano nyembamba iliyokunjwa kama ndoana, njia iliyotokana na kazi ya Albrecht Hennig kule Lahan, Nepal. Mkono ubonyeze sakafu ya njia ili mlango ujifungue. Anayevuta kwenda juu anasugua konea, na kesho yake mgonjwa ataona ukungu.

Ganda la nyuma likipasuka

Dalili huja kimya: chemba inazama ghafla, mboni inaruka kidogo, masalia yaliyokuwa yanakuja kwenye kanula yanaacha kuja. Silika ya mwanafunzi ni kuchomoa kifaa haraka. Ndilo kosa. Kifaa kikitoka, chemba huanguka na vitreasi, ule ute mzito wa nyuma, hufuata maji hadi nje. Kaa palepale, punguza maji, ingiza jeli kupitia tundu la pembeni, ndipo utoke polepole. Ute uliobaki ukatwe kwa kifaa chake, hata ule usioonekana. Triamsinoloni, dawa nyeupe, ikidungwa kidogo huupaka weupe ukaonekana. Kuuvuta ni kuvuta retina, utando wa nyuma wa jicho unaopokea mwanga. Mwalimu ashike jicho hapa, na mwanafunzi abaki kwenye hadubini ya pembeni atazame hadi mwisho.

Mgonjwa yuko macho na anasikia. Mwalimu anayesema “hapana, hapana!” humtisha mgonjwa na mwanafunzi kwa pamoja. “Simama hapo” inatosha, na “tubadilishane” isemwe kama jambo la kawaida. Kwa babu asiyezoea Kiswahili, muuguzi anayejua Kigogo amweleze kabla ya ganzi kwamba akitaka kukohoa ainue kidole kwanza. Inaepusha magonjwa mengi ya moyo, hasa ya mwalimu.

Jambo la kwetu zaidi ni trakoma, vikope. Wilaya ya Kongwa imechunguzwa na watafiti wa ugonjwa huu tangu miaka ya 1980. Kope zinazokwaruza hurekebishwa kwanza, kidonda kipone, ndipo mtoto wa jicho aguswe. Na konea yenye makovu si ya mwanafunzi. Kwa kila jicho, povidoni-iodini ya asilimia 5, dawa ya kuua vijidudu, ikae dakika 3 kwa saa, si kwa kukadiria. Vipimo vya lenzi navyo avifanye mwenyewe: kukosea urefu wa jicho kwa milimita 1 ni kukosea nguvu ya lenzi kwa dayopta 2.5 hadi 3.

Asubuhi inayofuata aliyepasua ndiye afungue bandeji. Apime uoni kabla ya kumulika, kisha aangalie kwa mpangilio: konea ina ukungu kiasi gani, chemba ina kina au imelala, mboni ni duara au imevutwa kuelekea njia, lenzi imekaa katikati. Aandike yote pembeni ya alama alizopewa jana kwa kila hatua. Maumivu makali, uoni ulioshuka au usaha mweupe uliotuama chini ndani ya chemba ni ishara ya maambukizi ndani ya jicho, na huyo hasubiri raundi. Mwalimu aitwe saa ileile.