Amri Isiyo na Sharti: Dhana Kuu ya Maadili ya Immanuel Kant

Amri isiyo na sharti ni kanuni ambayo Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Kijerumani wa karne ya 18, aliiona kuwa msingi wa maadili yote. Kanuni hiyo inamtaka mtu atende kwa msimamo ambao yeye mwenyewe angeweza kuutaka uwe sheria kwa watu wote. Ni dhana inayotajwa sana na kueleweka vibaya sana, hasa na wale wanaoidhani kuwa ni wito wa kuwatii wakubwa.

Kant alizaliwa tarehe 22 Aprili 1724 mjini Königsberg, katika Prussia, ufalme wa Kijerumani wa wakati huo, mji ambao leo unaitwa Kaliningrad na uko chini ya Urusi. Baba yake alikuwa fundi wa kushona hatamu na mikanda ya farasi, na nyumba yao ilikuwa ya Kilutheri yenye ucha Mungu wa dhati. Baada ya masomo alifundisha watoto majumbani mwa watu, kisha kuanzia 1755 akawa mhadhiri asiye na mshahara, akiishi kwa ada za wanafunzi waliokuja kumsikiliza, hadi alipopewa uprofesa mwaka 1770. Hakuoa, wala hakusafiri mbali na sehemu alikozaliwa, na alifariki mjini humohumo mwaka 1804. Kitabu chake kikubwa kuhusu uwezo na mipaka ya akili kilitoka 1781. Dhana tunayoizungumzia aliieleza katika kitabu kifupi cha 1785 kuhusu misingi ya maadili.

Amri nyingi tunazopeana huwa na sharti ndani yake. Anayeambiwa asome ili afaulu mtihani anaweza kujibu kwamba hana haja ya kufaulu, na hapo amri imekwisha nguvu. Kant alishikilia kuwa wajibu wa kimaadili hauwezi kukwepwa kwa namna hiyo, kwa kuwa hautegemei mtu anataka nini. Mfano wake mmoja ni wa mwenye duka anayemuuzia kila mteja kwa bei moja, kiasi kwamba hata mtoto aliyetumwa dukani hapunjwi. Anafanya lililo sawa, lakini ikiwa sababu yake ni kulinda jina la biashara, basi siku faida itakapokuwa upande wa kupunja hatakuwa na cha kumzuia. Kitendo chake hakina kosa, ila hakina thamani ya kimaadili ambayo kingekuwa nayo kama angekifanya kwa sababu ni haki.

Mtu atajuaje basi kwamba msimamo wake unafaa? Kant anamleta mtu aliyebanwa na shida, anayetaka kukopa fedha kwa kuahidi kuzirudisha huku akijua fika kwamba hatazirudisha. Tuuchukue msimamo wake tuufanye sheria: kila mwenye shida na aahidi uongo. Mara moja ahadi inakosa maana, kwa sababu hakuna atakayemwamini mkopaji, na hila aliyoitegemea inakufa pamoja nayo. Hoja hapa si kwamba uongo utaleta hasara, ingawa wengi huisoma hivyo. Hoja ni kwamba mwongo anahitaji wengine wote waendelee kuheshimu ahadi ili yeye peke yake apate kuivunja, yaani anajitoa katika sheria anayotaka wenzake waishike.

Wapo wanaosema kwamba haya ni yaleyale ya kumtendea mwenzako unavyopenda kutendewa. Kant mwenyewe alilikataa hilo. Kwa kipimo hicho, alisema, mhalifu angeweza kumwambia hakimu asimwadhibu, kwa kuwa hakimu naye asingependa kuadhibiwa. Kipimo chake kinahusu kile ambacho akili inaweza kukikubali kwa wote, si kile ambacho mtu anakipenda.

Kant aliieleza kanuni hiyohiyo kwa namna nyingine, ambayo kwa maoni yangu ndiyo yenye nguvu zaidi: utu, uwe wako au wa mwingine, usitumiwe kamwe kama njia tu, bali kila mara uheshimiwe pia kama lengo lenyewe. Neno "tu" lisipite bila kuonekana. Anayenunua mkate humtumia mwokaji, na hakuna ubaya, maana mwokaji ameridhia na analipwa. Aliyedanganywa hakupewa nafasi ya kuridhia. Vitu vina bei na hubadilishwa kwa vingine, lakini mtu ana hadhi isiyo na mbadala. Inauma kujua kwamba mwandishi wa maneno haya aliandika pia, mwaka 1764, maneno ya dharau juu ya Waafrika, ingawa katika andiko lake la 1795 kuhusu amani ya kudumu alilaani jinsi mataifa ya Ulaya yalivyowatendea wenyeji wa nchi walizozivamia.

Ugumu mkubwa wa dhana hii ulijitokeza mwaka 1797, Kant alipodai kwamba hata muuaji akibisha hodi na kuuliza alipo rafiki yako, huna haki ya kumdanganya. Wengi wa wanaomheshimu hawamfuati hapo, na nadhani wana haki: msimamo wa kumficha anayewindwa unaweza kabisa kutakwa kwa wote.

Yeye mwenyewe, hata hivyo, alijua kutofautisha kusema uongo na kunyamaza. Mwaka 1794 Mfalme Friedrich Wilhelm wa Pili wa Prussia alimwandikia barua ya kumkemea kwa sababu ya maandishi yake kuhusu dini, naye katika barua ya kujibu akaahidi, "kama raia mtiifu kabisa wa Mtukufu Mfalme", kwamba hatayagusa tena mambo hayo. Mfalme alipofariki mwaka 1797, Kant alijihesabu huru, na mwaka uliofuata akachapisha barua zote mbili, akieleza kwamba maneno yale aliyachagua makusudi ili ahadi imfunge kwa uhai wa mfalme huyo peke yake.