Mwalimu haanzi siku anayoingia chuo cha ualimu

Mwaka juzi alikuja kijana mmoja wa ualimu kufanya mazoezi skulini kwetu huku kaskazini Pemba, kijana mzuri, ana adabu, na maandalio yake ya somo kayaandika vizuri kweli. Siku ya kwanza kaingia darasa la pili, dakika kumi hazijafika kashachukua rula anagonga meza, someni! tena! wewe wa nyuma sikusikii! Baada ya kipindi nikamwita pembeni, mwanangu haya ndo waliyokufunza? Akanambia hapana maalim, tumefunzwa kadi za herufi na kazi za vikundi, lakini nilipoona macho yote yananitazama mimi mkono ukenda wenyewe.

Mkono ukenda wenyewe. Toka siku ile nimekuwa nikiwasikiliza watu wanavyozungumza habari za walimu na kusoma, na naona kuna mambo tunayaamini na hayako sawa, na wanaoumia ni watoto, ndo mana naandika.

Dhana: ualimu mtu anajifunza chuo cha ualimu

Huko anapata mbinu na cheti, sikatai, na vijana wetu wanaosoma SUZA, chuo kikuu chetu cha taifa Zanzibar, wanasoma kweli. Lakini kabla ya hapo kuna miaka mingi imeshapita. Dan Lortie, mtaalamu wa Marekani, mwaka 1975 alipiga hesabu kwamba mwanafunzi wa kule mpaka anamaliza sekondari kashakaa mbele ya walimu kama saa 13,000, na akasema huo ni uanagenzi, ila ni uanagenzi wa kutazama tu. Chukulia mtoto anayeshinda bandani kwa fundi wa majahazi, hakuna anayemfunza kitu lakini anaona randa inavyoshikwa, siku akipewa randa anashika vile vile. Tatizo ni kuwa mtoto wa darasani anaona upande mmoja. Anaona mwalimu anagonga meza, haoni mwalimu usiku anavyohangaika nini akisomeshe na kwa nini, kwa hiyo anabeba kitendo bila sababu yake. Halafu tunataka miaka mitatu ya mafunzo ishindane na saa zote hizo.

Na hizo ni za skuli peke yake. Kwetu asubuhi mtoto yuko skuli na jioni yuko chuoni, na nikisema chuoni nna maana ya chuo cha Kurani.

Dhana: chuoni ni kukariri tu, hakuna kusoma pale

Hili nalisikia hata kwa walimu wenzangu na linaniuma kwa sababu ni nusu ya ukweli. Mtoto chuoni anaanza alifu fatha a, alifu kasra i, alifu dhumma u. Maana yake anafunzwa kuwa alama ina sauti yake na sauti zikiungana linatoka neno, na hio ndo kazi ile ile tunayoihangaikia darasa la kwanza na ba be bi bo bu zetu. Anafunzwa kuheshimu kitabu, juzuu haiwekwi chini. Anafunzwa kukaa na ukurasa mmoja mpaka uingie.

Bibi yangu hakukanyaga skuli hata siku moja, wakati wake mtoto wa kike wa shamba kusomeshwa skuli lilikuwa jambo adimu, na elimu bila malipo ilipotangazwa tarehe 23 Septemba 1964 yeye keshakuwa na watoto wake. Lakini barua ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu alikuwa anaisoma na anaijibu kwa mkono wake. Walipopita watu na madaftari kuuliza nani anajua kusoma, bibi aliandikwa hajui, na naye hakubisha, kwa sababu keshaamini kuwa kusoma ni kule kwa skuli tu. Mimi nilikuwa mdogo nimekaa pembeni yake, na mpaka leo mzazi akija skulini akanambia mie mwalim sijasoma, huwa namuuliza tena.

Nusu ya pili nayo tuiseme. Lugha ile mtoto wetu haielewi, anaweza kusoma ukurasa mzima bila kosa na asijue umesema nini. Kwa ibada hilo lina nafasi yake na thawabu zake. Lakini mtoto huyu akikua akawa mwalimu bila kukaa kitako akalifikiri, anabaki na imani kuwa kusoma ni kutamka, akisikia darasa linatamka vizuri roho yake imetulia. Na sisi tukazidisha, sera ya elimu ya 2006 ikaweka hisabati na sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano, nimesimama nje ya darasa nikasikia watoto arubaini wanasoma kwa pamoja aya ya Kiingereza juu ya mmea, sauti moja, safi kabisa, nikaingia nikauliza kwa Kiswahili haya mmea unapata wapi chakula chake, kimya. Mwalimu wao hakushangaa, naye alisomeshwa hivyo hivyo.

Wala mtu asije akanielewa kwamba chuo na maana vinagombana. Sheikh Abdulla Saleh Farsy alikuwa mtu wa chuoni hasa, na alikuwa mwalimu wa skuli za serikali Unguja, na ndie aliyetupa tafsiri ya Kurani nzima kwa Kiswahili, ikatoka mwaka 1969. Alijua watu wanataka kutamka na wanataka kufahamu.

Dhana: nyumba isiyo na vitabu haitoi msomaji

Kwetu kulikuwa na msahafu, juzuu za watoto na kalenda. Basi. Lakini msimu wa karafuu usiku tunakaa wote kwenye mkeka tunachambua, karafuu huku makonyo kule, chemli katikati, na mama mkubwa anatoa hadithi, paukwa! pakawa! Hadithi moja inaweza kwenda siku tatu, na ole wako ukimuuliza mwisho wake kabla ya wakati. Ikiisha ni vitendawili mpaka usingizi. Saivi nikiwa darasani najua kuwa mtoto anayejua maneno mengi kwa masikio, anayejua hadithi ina mwanzo na ina tata na ina mwisho, akishazijua herufi anakwenda mbio, kwa sababu analolisoma tayari analo kichwani linamsubiri. Yule anayetamka bila ya kuwa na maneno anagota. Kwa hiyo ule mkeka wa karafuu ulikuwa ni somo la kusoma, ingawa hakuna aliyeuita hivyo.

Halafu kulikuwa na barua. Nilipofika darasa la nne nikawa mwandishi wa mtaa, jirani ana mtoto wake Dar es Salaam, mwengine ana kaka yake Muscat, wanakuja na karatasi na bahasha, andika mwanangu. Ama baada ya salamu, mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako uliye mbali na upeo wa macho yangu. Nilikuwa nnaandika huku mtu mzima mbele yangu anafuta machozi. Nadhani nilijifunza pale jambo ambalo daftari la imla halikunifunza kabisa, kuwa maandishi yanakwenda kwa mtu. Watoto wetu wengi wanaandika miaka yote ya skuli ya msingi na msomaji wao pekee ni kalamu nyekundu ya mwalimu.

Na tukitaka ushahidi mkubwa zaidi, Haji Gora Haji alizaliwa Tumbatu, akawa mtu wa bahari, na ni katika washairi wakubwa tuliokuwa nao Zanzibar. Hakuletwa na kabati la vitabu. Sisemi vitabu havina haja, jamani, natamani kila skuli ya shamba iwe na kabati lake na si mpaka mtu ashuke Chake Chake kwenda maktaba. Nasema mwalimu asimtazame mtoto wa nyumba ya makuti akamhukumu hana kitu.

Dhana: fimbo ndo iliyotufikisha hapa

Hili ndo linalonitoa usingizi. Kila tukikaa walimu atatokea mmoja aseme sisi tulichapwa na tumesoma. Sasa hebu tazama nani anayesema hivyo, ni sisi tuliofika. Wale ambao fimbo iliwatoa skuli wako wapi? Hawapo kwenye kile kikao, wako baharini na makondeni, hakuna anayewauliza.

Mimi darasani kwetu kulikuwa na mwenzangu anatumia mkono wa kushoto. Akiandika kwa kushoto anapigwa rula ya vifundo, akiandika kwa kulia herufi zinatoka kombo anapigwa kwa uchafu wa mwandiko. Alikuwa ndie bingwa wa vitendawili kijijini kwetu, hakuna aliyemuweza. Darasa la tano hakurudi. Mwalimu wetu hakuwa mtu mbaya, Mungu ampe kila la kheri, na yeye alifanyiwa vile na akaamini ndo malezi. Kumbe mkono anaotumia mtoto ni maumbile yake, kumlazimisha kubadili hakumfanyi aandike vizuri zaidi, kunamfanya aichukie kalamu. Mtoto mwenye hofu akili yake yote iko kwenye rula, haimbakii ya kuunga silabi.

Dhana: aliyekuwa hodari wa kusoma atakuwa hodari wa kusomesha

Si lazima. Aliyesoma kwa wepesi mara nyingi hajui alijuaje, mtoto akikwama anamwambia si hii hapa, tazama! Aliyehangaika anakumbuka pa kukwama, ila na yeye akiwa bado ana machungu anaweza kuyahamishia kwa watoto. Kubwa zaidi ni kama mwenyewe anapenda kusoma. Marekani mwaka 2004 watafiti waliwauliza wanafunzi wa ualimu habari za usomaji wao, zaidi ya nusu hawakuwa na hamu na kusoma, wakaliita jambo hilo athari ya Petro, kwa yule Petro wa kwenye Biblia aliyemwambia masikini siwezi kukupa nisichokuwa nacho. Mwalimu anayesoma kitabu cha kiada tu hadi anastaafu atawapa nini watoto wa darasa la pili?

Dhana: ndo nshakuwa hivi, siwezi kubadilika

Tukirudi kwa yule kijana wangu wa rula. Nilimwambia usinipe maelezo, kaa uniandikie ukurasa mmoja, ulijifunza vipi kusoma, nani alikuwepo, ulisikia nini moyoni. Kazi hii hupewa walimu wanafunzi katika nchi nyingi, na ina sababu, maana jambo ulilolibeba bila kulijua huwezi kulitua mpaka ulitazame. Akaniletea kurasa nne. Rula ilikuwemo, kama nilivyodhani, lakini alikuwemo pia shangazi yake aliyekuwa akiuza maandazi, akifungia kwa magazeti ya zamani, na kila jioni anamwita amsomee kipande cha gazeti kilichobakia, na pale palipochanika anamwambia haya malizia mwenyewe, unafikiri ilikuwaje. Akanambia maalim huyu shangazi nilimsahau kabisa.

Wiki yake ya mwisho nilipita dirishani. Kakaa chini na watoto, kashika kipande cha gazeti kimechanika ncha, anasoma polepole, na mtoto mmoja wa kike wa mbele kamnyooshea kidole karatasini, maalim, hapo umeruka neno.