Mtoto ametimiza miaka 18, deni la matunzo halijafutika

Dhana inayovuma kuliko zote ni kwamba mtoto akishafikisha miaka 18, faili limefungwa na mzazi aliyekwepa kulipa matunzo amepona. Si kweli. Utu uzima wa mtoto husimamisha malipo mapya tu, na hata hilo si kila mahali: New York wajibu unaendelea hadi miaka 21. Pesa iliyopaswa kutolewa alipokuwa darasa la pili ikakwepwa inabaki kuwa deni. Kwa kawaida anayeidai si mtoto, ni mzazi aliyetoa mfukoni mwake kilichokosekana.

Marekani imeliweka wazi tangu 1986: malipo ya mwezi yakipita tarehe yake bila kulipwa yana nguvu ya hukumu, na jaji hawezi kurudi nyuma kuyafuta yale yaliyolimbikizwa kabla ya ombi la kubadili amri ya mahakama ya matunzo.

“Basi sina haraka, nitadai nikijisikia.” Hapa ndipo watu wanapoumia, kwa sababu ukomo wa muda wa kudai unatofautiana sana kati ya nchi na nchi. Afrika Kusini, Mahakama Kuu ya Rufaa iliamua mwaka 2022 kwamba amri ya matunzo ni hukumu, hivyo deni lake linadumu miaka 30. England ni kinyume kabisa: malimbikizo ya zaidi ya miezi 12 chini ya amri ya mahakama hayatekelezwi bila kibali cha mahakama yenyewe. Uliza ukomo wa kwenu kwanza, mengine baadaye.

“Aliahidi mbele ya wazee, ushahidi upo.” Ushahidi wa ahadi, sawa. Lakini malimbikizo huhesabiwa kutoka kwenye amri, au makubaliano yaliyosajiliwa kisheria. Bila karatasi hiyo hakuna kiwango cha mwezi wala tarehe ya kuanzia hesabu. Zipo sheria zinazoruhusu kudai gharama za nyuma bila amri, ila kwa masharti magumu, na mtoto akishakuwa mtu mzima mlango huo mara nyingi umeshafungwa. Kwa maoni yangu, hii ndiyo dhana inayowagharimu wazazi kuliko zote.

Upande wa mdaiwa nako kuna yake. “Nilimnunulia viatu, baiskeli na simu.” Mahakama nyingi huvihesabu hivyo kuwa zawadi. Fedha taslimu zilizotolewa mkononi bila risiti nazo ni shida, maana mwenye mzigo wa kuthibitisha malipo kwa kawaida ni anayesema alilipa. Ndiyo maana mdai aliyejipanga huja na jedwali la mwezi kwa mwezi: Machi 2014, iliyotakiwa 10,000, iliyolipwa 4,000, salio 6,000, Aprili, iliyolipwa sifuri, salio 16,000. Ambatisha taarifa za benki na miamala ya simu, na usifiche alicholipa. Mwezi mmoja ukigundulika umerukwa, jedwali zima linatiliwa shaka.

“Alininyima kumwona mwanangu.” Hiyo ni kesi nyingine. Kumwona mtoto na kumtunza ni mambo mawili, na moja halilipii jingine.

Wengine hukata tamaa wakiamini mdaiwa akijitangaza amefilisika au akihama nchi, basi. Marekani kufilisika hakufuti deni la matunzo. Anayedaiwa zaidi ya dola 2,500 ananyimwa pasipoti, na mshahara baada ya makato ya lazima unaweza kukatwa hadi asilimia 65 kwa aliyechelewa sana. Kwa aliyevuka mpaka upo Mkataba wa The Hague wa 2007, unaowezesha amri ya nchi moja kutekelezwa katika nchi nyingine iliyoingia humo. Ni safari ndefu ya makaratasi, lakini inafika.

Na kusamehe? Mzazi anaweza kusamehe sehemu yake. Ila kama serikali ilimsaidia kumlea mtoto miaka ile, kama inavyotokea Marekani, sehemu ya malimbikizo huenda ni ya serikali, na barua yake ya msamaha haiigusi.