Chai ya Punje Ndogo Si Masalio ya Ulaya

Nimeambiwa tena, na mtu msomi anayesoma magazeti kila siku, kwamba chai nzuri ya Kenya yote huenda Ulaya na kwamba sisi tunaoishi Nairobi huuziwa vumbi lililofagiwa sakafuni mwa kiwanda. Kazi yangu ni kuonja chai. Kauli hii nimeisikia harusini, matangani na ndani ya matatu, na kila mara ushahidi unaotolewa ni ule ule: punje ni ndogo, kwa hiyo chai ni mbaya. Hapo ndipo uvumilivu wangu unapokwisha.

Majani mawili na chipukizi yakifika kiwandani hunyaushwa, hupitishwa kwenye mashine ya CTC (kifupi cha maneno ya Kiingereza crush, tear, curl, yaani ponda, rarua, kunja), huachwa yachachuke hadi yawe na rangi ya shaba, hukaushwa, kisha huchekechwa. Mashine hiyo ina roli zenye meno zinazozunguka kwa kasi tofauti, na jani linalopita kati yake hupasuliwa, huraruliwa na kukunjwa kwa mpigo mmoja. Haiwezekani vipande vyote vitoke na ukubwa sawa. Vikubwa huitwa BP1, vinavyofuata PF1, kisha PD, na vilivyo laini zaidi D1. Zote nne ni gredi za kwanza. Zimetoka katika jani lile lile, lililochumwa siku ile ile katika shamba lile lile, na kilichozitenganisha ni matundu ya chekecheo tu. Kuna minada ambapo D1 ya kiwanda kizuri hununuliwa kwa bei ya juu kuliko BP1 ya kiwanda hicho hicho, na wanunuzi hao si watu wa kutupa fedha zao ovyo.

Gredi za pili zipo pia, nazo ni jambo jingine kabisa. Hizo hubeba nyuzi za vikonyo na majani yaliyokomaa, na maji yake huwa hafifu. Anayetaka kulalamika na alalamikie nyuzi, asilalamikie udogo wa punje.

Imani kwamba jani kubwa ndilo bora ina historia, na historia hiyo inanisikitisha kwa sababu ni ya bahati tu. Nchini China, wakati wa nasaba ya Song, chai iliyoheshimiwa kuliko zote ilikuwa ya unga. Majani yalishindiliwa kuwa mabonge bapa, yakasagwa hadi yakawa laini kabisa, kisha unga huo ukapigwapigwa katika maji ya moto kwa kifaa cha mwanzi mpaka ukatoa povu. Mfalme Huizong mwenyewe aliandika risala kuhusu chai ya namna hiyo mwanzoni mwa karne ya 12. Mtawa Eisai alirudi Japani kutoka China mwaka wa 1191 akiwa na mbegu za chai pamoja na desturi hiyo ya unga, na katika karne ya 16 bingwa wa chai Sen no Rikyu akaijengea ibada nzima ya ukarimu ambayo Wajapani wanaienzi hadi leo. Hakuna aliyewaambia watu hao kwamba wanakunywa vumbi.

Kilichobadilisha mambo ni amri. Mwaka wa 1391 Mfalme Hongwu, mwanzilishi wa nasaba ya Ming, aliagiza kwamba chai ya kodi iliyopelekwa kasri isishindiliwe tena, bali iletwe ikiwa majani matupu. Desturi ya kuloweka majani katika birika ikaenea, na Waholanzi walipoanza kupeleka chai Ulaya karibu mwaka wa 1610, jani zima ndilo walilolikuta. Ulaya ilijifunza kunywa chai katika karne iliyopenda jani zima, ikadhani kwamba ndivyo chai ilivyo tangu kuumbwa kwake, na sisi tukarithi dhana hiyo pamoja na vikombe vya kaure. Laiti meli hizo zingefika miaka 300 mapema, huenda leo ningekuwa naandika kulitetea jani kubwa.

CTC yenyewe ilibuniwa Assam mwaka wa 1930 na William McKercher. Ilikuja wakati wanywaji walikuwa wakitaka chai inayotoa rangi haraka, yenye nguvu ya kustahimili maziwa. Pakiti ndogo za kutumbukiza kikombeni ziliizidishia soko, na PF1 yetu ndiyo inayojaza nyingi kati ya hizo huko Uingereza. Tena, Ulaya si mteja wetu mkuu. Kwa miaka mingi mnunuzi mkubwa wa chai ya Kenya amekuwa Pakistani, ambako majani huchemshwa pamoja na maziwa sufuriani, kama tunavyofanya sisi. Njia hiyo ya kuchemsha hatukuipata kwa Mwingereza, ambaye huloweka majani na kuongeza maziwa baadaye, bali ilitoka Bara Hindi, na chai laini ndiyo inayoifaa. Ukichemsha jani kubwa la gharama katika maziwa, utapata maziwa yenye rangi hafifu na hasara.

Hata hivyo, siwezi kuwalaumu kabisa wanaoamini uvumi huu. Chai ilipandwa Limuru mwaka wa 1903 na ikageuzwa kuwa biashara kubwa ya makampuni Kericho katika miaka ya 1920, lakini hadi miaka ya mwanzo ya 1950 Mwafrika alizuiwa kuilima kwa ajili ya kuuza. Watu waliozuiwa kupanda, huku wakiajiriwa kuchuma, wana haki ya kushuku kwamba kilicho kizuri hakikukusudiwa kuwafikia. Ni kweli pia kwamba sehemu kubwa mno ya chai yetu huuzwa nje, na kwamba pakiti nyingi za dukani hazisemi gredi iliyomo. Mwenye pakiti ya gredi ya pili halazimiki kukuambia, na jambo hilo linanikera kama linavyowakera wengine.

Nina shaka nyingine, na hii inaugusa ufundi wangu mwenyewe. Vipimo vyetu vimerithiwa kutoka London, ambako mnada wa chai ulianza mwaka wa 1679 na kufungwa mwaka wa 1998. Tunaloweka kwa dakika 6, tunatia maziwa kidogo, kisha tunatuza mng'ao na ukali. Waonjaji wawili wazoefu wanaweza kutofautiana kuhusu kikombe kimoja. Chai ya zambarau, aina ya mchai iitwayo TRFK 306, ilipotolewa kwa wakulima mwaka wa 2011, mizani yetu haikuwa na mahali pa kuiweka, kwa kuwa kikombe chake hakina rangi ya shaba tuliyozoea kuilipia. Tunachokiita ubora, kwa kiasi kikubwa, ni yale ambayo mnunuzi fulani alizoea kunywa kwao.

Kwa hiyo usipime chai kwa macho ya London. Mimina majani makavu kwenye karatasi nyeupe. Ukiona nyuzi nyingi za rangi ya hudhurungi, ni gredi ya pili, hata kama pakiti ina picha ya mlima. Ukiona punje nyeusi, safi, zinazolingana, hata ziwe ndogo kama mchanga, zichemshe bila wasiwasi.